Safari ya Makambako Kuomba Kazi Isiyo na Mshahara

Tangu nirudi sijapata kuchota maji kwa raha. Nikifika kisimani mtu ananishika mkono: "Agatha, ni kweli walikukagua meno?" Nikienda zahanati, wagonjwa wanataka habari kwanza, dawa baadaye. Hata sista mkubwa, ambaye hana muda wa porojo, ameniuliza kuhusu nyama iliyoungua. Kila mmoja amesikia kipande chake, na vipande vingine si vya kweli. Meno yaliyokaguliwa yalikuwa ya shemeji yangu, si yangu. Basi naandika yote, atakaye asome, na asiyejua kusoma asomewe na mwanawe.

Kwa mlio mbali ambao barua hii itawafikia, mimi ni msaidizi katika zahanati ya misheni hapa Lugarawa. Mume wangu alifariki, nami naishi kwao pamoja na mama yake. Shemeji yangu Bernadi, mdogo wa marehemu, ni mwalimu wa shule ya misheni na ndiye anayewafundisha watoto michezo. Yeye ndiye aliyesoma gazetini kwamba Dar es Salaam kutakuwa na mashindano makubwa ya riadha. Wakimbiaji watatoka Kenya, Uganda, Unguja, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na wanatafutwa watu wa kujitolea kuwasaidia. Wakubwa wa mashindano wangepita kwa gari wakitoka Mbeya kwenda Iringa, na sisi watu wa wilaya ya Njombe tungeonana nao Makambako siku ya Jumamosi, basi.

Bernadi alikuwa na hamu moja, kushika ile saa ya kupimia mbio. Mimi nilipomsikia anataja Nyasaland, moyo uliruka. Mama yangu mzazi alitoka ng'ambo ya ziwa, nami nimekulia Manda, ufukweni. Kinyanja nilikijua kabla ya Kiswahili.

"Shemeji," nikamwambia, "hao wa Nyasaland wakiumwa tumbo watamwambia nani?"

Alinitazama, akakunja gazeti. "Funga mzigo, shemeji," akasema.

Mambo ya ruhusa na makaratasi nayaruka. Yalichosha wakati ule na yatawachosha ninyi pia.

Kwa miguu hadi Mlangali

Tulitoka alfajiri, mvua imekatika lakini njia ni utelezi mtupu. Nilifunga viatu vyangu kwenye kanga na kuvibeba kichwani, maana viatu vya kuonana na wakubwa haviwezi kukanyaga tope la Lugarawa. Bernadi alivaa vyake kwa sababu ni mwalimu. Kufika bonde la kwanza alikuwa ameanguka mara kadhaa, na kila alipoinuka alisema, "Hapa ndipo penye utelezi hasa," kana kwamba kwingine kote kulikuwa kukavu.

Katikati ya njia tulikutana na mama mmoja amebeba vyungu vya kuuza. Tukasalimiana, akauliza tuendako. Bernadi akamweleza kwa furaha kwamba tunakwenda kuomba kazi kwa wakubwa, kazi ya kujitolea.

"Ya mshahara gani?"

"Haina mshahara, mama."

Yule mama akatua vyungu vyake taratibu. Alimtazama Bernadi, akanitazama na mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Poleni, wanangu. Mlikosa nini?"

Kwake yeye, kazi ya serikali isiyo na mshahara ni ya mfungwa au ya mtu aliyeshindwa kulipa kodi. Bernadi akaanza kueleza habari za riadha, jinsi watu wanavyokimbia kuzunguka uwanja na kurudi palepale walipoanzia. Kadiri alivyoeleza ndivyo yule mama alivyozidi kutuhurumia. Mwisho alitupa viazi vitamu vya kuchemsha, vingali na uvuguvugu, akatuombea tuachiliwe mapema. Tulivila tukitembea. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na mpaka leo nikikumbuka ile sura yake nacheka tena.

Juu ya magunia ya ngano

Mlangali tulipata lori la mfanyabiashara linalopeleka ngano Njombe. Dereva alikuwa Mngoni mmoja kijana, mcheshi, jina lake Zuberi. Alitupandisha juu ya magunia, akatuahidi kwamba jioni tutakuwa Njombe. Njia ile mnaijua: kupanda, kushuka, kona, ukungu, halafu kupanda tena. Zuberi aliiendesha polepole na kwa akili. Penye utelezi alishuka, akakagua, akatandika matawi, akavuka. Nikaanza kuamini kweli tutafika.

Tulipokaribia Uwemba akakata kona, akaingia kijijini, akazima gari mbele ya nyumba moja yenye watu wengi waliovaa vizuri.

"Kuna nini?" Bernadi akauliza kutoka juu.

"Nachumbia," akasema Zuberi.

Kumbe leo ndiyo siku aliyopewa ya kwenda kujieleza kwa wakwe. Ndugu zake walikuwa Songea na mvua imewazuia, naye hakutaka siku ipite. Bernadi alikasirika hadi miwani ikaingia ukungu. "Tuna safari ya wakubwa!" alisema. Zuberi akajibu kwa upole kwamba na yeye ana safari ya wakubwa, wako ndani, wanamsubiri.

Alikuja upande wangu. "Dada, siwezi kuingia peke yangu kama mwizi. Niingie na nani?"

Nikashuka. Ndani wazee walimkazia macho. Baba wa binti akauliza, "Huyu mama ni nani kwako?" Zuberi akanigeukia. Sikutaka kudanganya, nikasema, "Baba, sisi ni ndugu wa lori moja. Nimemjua tangu Mlangali tu. Lakini nimemwona akivusha gari penye utelezi kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni. Mimi ningekuwa na binti, ningelala usingizi."

Kisha mama wa binti, aliyekuwa nyuma ya mlango, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Njombe.

Baada ya hapo hatukuweza kuondoka bila kula. Waliandaa ugali, kunde na maziwa ya mgando. Bernadi naye akaitwa, akala kuliko bwana harusi. Tuliondoka jua limeinama, Zuberi akiimba njia nzima.

Njombe na jogoo wa Ijumaa

Njombe tulipokelewa kwa mwalimu Tumaini, Mbena, Mlutheri, aliyesoma mafunzo ya ualimu pamoja na Bernadi. Baridi ya Njombe inauma masikio, na nyumba yake ilikuwa na moto mzuri. Mke wake, Mama Neema, alitupokea kwa salamu za kwao, "Kamwene, kamwene" nyingi, na maji ya moto ya kuogea. Kisha akaleta chakula. Kilikuwa jogoo mzima, mwenye mafuta, juu ya sinia.

Mimi na Bernadi tukatazamana. Ilikuwa Ijumaa.

Sisi Wakatoliki Ijumaa hatuli nyama, na wenyeji wetu hawakuwa na habari hiyo. Bernadi, badala ya kusema, akaanza kusifu ugali. Akala ugali mkavu, akausifu tena. Mimi nikachota mchuzi, nikakumbuka kwamba mchuzi nao ni wa nyama, nikaurudisha. Baadaye Mama Neema akaenda jikoni, na nilipomfuata nikamkuta anafuta macho kwa pembe ya kitenge.

"Jogoo huyu nilimtunza kwa ajili ya Pasaka," akasema. "Labda nyumba yetu mnaiona haifai?"

Aibu niliyoona! Nikamshika mikono, nikamwambia ukweli wote: Ijumaa, nyama, na ujinga wa shemeji yangu wa kusifu ugali. Alinisikiliza, kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa chini. "Na mimi nikasema, mbona mwalimu mzima anakula kama mgonjwa!" Akatutolea viazi na maharage kwa haraka, akamfunga jogoo kwenye majani ya mgomba. "Huyu mtamla kesho, Jumamosi. Au Jumamosi nayo mna neno?"

Mwalimu Tumaini alituuliza kwa nini watu wazima wahangaike hivi kwa mbio za watu wengine. Bernadi akasema amewapigia watoto filimbi miaka mingi lakini hajawahi kumwona mtu anayekimbia kweli. Mimi nikasema nataka siku moja Kinyanja cha mama yangu kihitajike na watu, kisiwe cha kuimbia mtoto tu. Mwenyeji wetu akaongeza kuni motoni.

Lori la watu wa mkonge

Asubuhi tukapata habari mbaya: basi la Makambako limevunjika springi, halitoki. Gari pekee lililokuwa linaondoka ni lori la wakala mmoja wa mashamba ya mkonge, limebeba vijana wanaokwenda kufanya kazi Tanga, wale tunaowaita manamba. Wangepumzika Makambako. Tukamwomba msimamizi, akatuonyesha nafasi kwa kidole. Tukapanda.

Upepo ulikuwa mkali kwenye mashamba ya miti ya miwati. Wale vijana walikuwa wametoka Ukinga na Upangwa, wengine hawajawahi kupanda gari, wamekaa kimya wameshikana mabega. Nikafungua jogoo wa Mama Neema, nikamgawa vipande vidogo vidogo. Mmoja alipata shingo tu, akashukuru kama amepata paja. Aliniuliza kwa Kipangwa kama mkonge unachoma. Nikamwambia unachoma, nikamwonyesha jinsi ya kufunga kidonda kwa kitambaa safi, na wengine wakasogea kutazama. Hadi Makambako nilikuwa nafundisha kufunga vidole. Sikupata kuwaza wakubwa wala saa, na labda ilikuwa heri.

Meno ya shemeji

Makambako ni njia panda, upepo na maduka machache. Tulishuka katika kambi ya wakala, wote pamoja, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika.

Bernadi alimfuata karani wa kwanza aliyemwona. "Samahani bwana, wanaojitolea wanaonana na wakubwa wapi?"

"Wote hapa wamejitolea," karani akajibu bila kuinua kichwa. "Ingia mstarini. Mke wako asubiri kule."

"Si mke wangu, ni shemeji."

"Asubiri kule."

Nikasubiri kule. Kwa mbali nikamwona shemeji yangu anavua shati. Mtu mwenye koti jeupe akamgonga kifua, akambinya misuli ya mikono, akamwambia achuchumae na kuinuka. Bernadi alifanya kwa bidii, tena aliongeza na kurukaruka. Kisha akafunguliwa kinywa, meno yakakaguliwa. Alinipungia mkono akitabasamu. Nilisoma midomo yake: "Hawa watu wako makini!"

Akapewa blanketi. Akalipokea kwa mikono miwili. Ndipo yule wa koti jeupe akasema kwa sauti, "Huyu mrefu afaa kukata. Tanga!"

"Dar es Salaam," Bernadi akamsahihisha kwa heshima.

"Tanga."

"Bwana, mimi nimekuja kushika saa."

Mstari mzima ulicheka. Ilibidi niende mwenyewe nikaeleze, na karani alipoelewa akacheka hadi kalamu ikamponyoka. Alisema wakubwa wa michezo wako nyumba ya wageni ya serikali, na kwamba amesikia wanafunga mizigo. Bernadi akarudisha blanketi, akavaa shati akikimbia, vifungo vimepishana. Mimi nilikimbia na viatu mkononi. Kama wangepima mbio siku ile, tungetoka na kikombe.

Nyama ya Bwana Phiri

Gari lao lilikuwa limeshageuzwa kuelekea barabara ya Iringa. Walikuwa watatu: Mzungu mmoja mrefu mwenye magoti mekundu, mwalimu wa Kihindi kutoka Iringa, na karani kutoka Dar es Salaam, Bwana Saidi, aliyevaa tai. Walikuwa wanangoja chakula tu. Bwana Saidi akatutazama tulivyohema na kulowa matope, akasema, "Kaeni kwanza mpumue."

Bernadi aliulizwa machache. Saa, wakamwambia, zina watu wake tayari. Nikaona uso wake unashuka. Lakini wanahitaji mtu wa shimo la kurukia, wa kulainisha mchanga kila mtu anaporuka na kutazama alama ya kisigino. Ni kazi ya mtu mwaminifu, Bwana Saidi akasema, kwa sababu ugomvi wote huanzia pale. Bernadi akauliza, "Huyo anayeshika mchanga anasimama karibu na warukaji?"

"Karibu hata wakikohoa unasikia."

"Naipokea," akasema.

Zamu yangu. Nikaeleza habari ya Kinyanja. Mzungu akasema kitu, na Bwana Saidi akanifasiria: atajuaje kama nakijua kweli? Mwalimu wa Kihindi akakumbuka kwamba mpishi wa nyumba ile ni mtu wa Nyasaland. Akaitwa. Alikuja mzee mmoja mwembamba, Bwana Phiri, na mwiko mkononi, amenuna.

"Muli bwanji, bambo?" nikamsalimu.

Uso ule uliokunjana ukafunguka. "Ndili bwino, mayi! Kaya inu?" Mzima, mama, wewe je? Kisha maneno yakamtoka kama maji ya mtaro. Aliongea na kuongea, akinyoosha mwiko kuelekea jikoni. Alipomaliza, wote watatu wakanigeukia.

Nikasita. Maneno mengine yalikuwa makali. Nikafikiri, nikipunguza, si mkalimani. Nikisema yote, huenda nikamponza mzee wa watu. Nikamwuliza yeye mwenyewe kwa Kinyanja kama nitoe yote. "Zonse," akasema. Yote.

Basi nikasema: "Anafurahi kusikia lugha ya kwao. Anasema pia nyama ya bwana iko motoni, nanyi mmemwita hapa kucheza. Anasema sasa hivi inaungua, na ikiungua asilaumiwe yeye, kwa sababu jana alilaumiwa kwa chumvi ambayo hakuitia yeye."

Bwana Saidi alikuwa bado anamfasiria Mzungu harufu ilipoingia. Hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine. Bwana Phiri akatoka mbio na mwiko wake, Mzungu akajipiga goti na kucheka, akasema "Yes!", neno ambalo hata mimi nililielewa.

Nimechukuliwa! Nilitaka kupiga kigelegele palepale. Lakini waliinamiana, wakanong'ona, na Bwana Saidi akarudi na uso wa mtu anayebeba habari mbili.

"Mama, hatukufikiri wanawake wataomba. Pa kulala pa wanawake ni chumba kimoja, nyumbani kwa muuguzi mmoja, na mwenyewe hataki mgeni wa kike wa peke yake. Uje na mwanamke mwenzako, mtu mzima, wa kukaa naye. Usipompata, usisafiri."

Tuliondoka tukiwa tumeshiba nyama iliyoungua, ambayo kusema kweli ilikuwa tamu. Bernadi njiani alikuwa anaulizia mchanga wa pwani ukoje, laini au wa mawe. Mimi nilikuwa nawahesabu wanawake wa kwetu kichwani.

Nyumbani

Njia ya kurudi haina mengi, isipokuwa Uwemba, ambako wakwe wa Zuberi walinifungia kuku hai kwa ajili ya maneno yale niliyomsemea.

Nyumbani niliwakusanya wanawake. Wifi yangu mkubwa ananyonyesha. Wa pili mume wake alikataa kabla sijamaliza kusema. Rafiki yangu Rosa wa zahanati alitaka, lakini sista hawezi kutuachia wote wawili. Jirani mmoja akasema Dar es Salaam watu wanaishiwa damu kwa joto. Jioni ile nilikaa jikoni nikiwa nimenyong'onyea kabisa, na Bernadi amekaa kizingitini.

Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi. Yeye, mnamjua, hajafika mbali zaidi ya Njombe, na huko alikwenda mara moja tu.

"Huyo mtu mzima," akauliza, "lazima ajue Kizungu?"

"Hapana, mama."

"Lazima akimbie?"

"Hapana, mama. Kukaa tu na mimi."

Akapukuchua gunzi lile hadi mwisho, akalitupa motoni. "Nilipokuwa msichana," akasema, "hapakuwa na mvulana Lugarawa nzima wa kunishika. Baba yenu mwenyewe alinipata kwa sababu nilisimama. Miaka yote hii sijaona mtu wa kukimbia. Bernadi, niambie, hao wa Kenya wana nini?"

Bernadi akainuka kwenda kuleta lile gazeti.

Naandika haya Jumapili baada ya misa, na safari ni juma hili. Mama mkwe yuko uani, amevaa viatu alivyoazimwa na sista, anazunguka nyumba. Raundi ya kwanza alishika ukuta, ya pili akauachia. Sasa watoto wamemfuata mstari mzima, naye ameshika pindo la kanga kwa mkono mmoja, na anaongeza mwendo.